Saa ya Kathembo, Namba 37

Kila Ijumaa akitoka msikitini, Wahab hujifungia chumba cha nyuma, huketi kitandani na kuifungua chupa ya chai ambayo kioo chake cha ndani kilipasuka miaka mingi iliyopita. Huiinamisha taratibu, na saa sita za mkononi, zote za dhahabu, hutelezea kwenye shuka. Huzitia ufunguo moja baada ya nyingine ili mafuta yasigande ndani yake. Kila moja huisogeza sikioni, huisikiliza, kisha huirudisha chupani na kukaza kifuniko. Havai hata moja. Akitaka kujua wakati humwuliza mkewe, Hamidah, naye Hamidah hutazama simu.

Ni kazi ya dakika kumi tu. Lakini siku hizi akiimaliza huwa hoi, hulala chali na viatu vyake miguuni, na Hamidah humwacha hivyo mpaka alasiri.

Mjini Kasese wanamwita Mzee wa Namba. Wengine humwonea wivu, wengine humsema pembeni kwamba ana mali ya kujengea ghorofa naye analala chini ya mabati yanayovuja. Wageni wenye magari makubwa wamewahi kusimama mbele ya meza yake ya kioo, barazani karibu na paki ya teksi, wakamwomba azitoe wazione. Wakiziona hushusha pumzi kana kwamba wameoneshwa mtoto mchanga. Wahab huwatazama tu, amechoka. Hajawahi kuelewa raha wanayoipata, na kama wangemwuliza kwa dhati angewaambia kwamba yeye hakusanyi saa. Anatafuta moja, na hizi sita zilikuja tu njiani.

Zilitengenezwa arobaini. Kulikuwa na kampuni ya Wabelgiji ya kununua kahawa ng'ambo ya mpaka, upande wa Beni, na ilipotimiza miaka arobaini iliagiza Uswisi saa arobaini za dhahabu. Kila saa ilichongwa namba yake mgongoni, na mafundi wa kule wakala kiapo kwamba ya arobaini na moja haitatengenezwa. Wenye fedha wana ugonjwa wao: kitu kikiwa kingi hawakitaki, kikiwa kichache wanakosa usingizi. Saa thelathini na tano walijigawia wakubwa na rafiki zao. Tano za mwisho, kwa haya kidogo au kwa kutaka kupigwa picha nao, wakawapa wafanyakazi. Namba 37 alipewa dereva wa lori, Mkonzo wa Bugoye upande huu wa Uganda, kwa sababu alikuwa amepandisha na kuteremsha kahawa milimani miaka saba bila kupindua gari hata mara moja. Dereva huyo ni Danieri Kathembo.

Sasa hilo jina Kathembo ndilo lililomponza Wahab. Yeye si Mkonzo. Alikuja kutoka Masaka na mkewe na kisanduku cha vifaa, akafungua meza, na hakuwa amemaliza hata miaka miwili mjini wakati vita vilipoanza kule mpakani na watu wa Bwera wakamiminika Kasese na magodoro vichwani. Mtu yeyote aliyekulia huku angemwambia kwamba Wakonzo humpa mtoto jina kwa kufuata zamu ya kuzaliwa, na kwamba Kathembo ni mvulana wa tano. Kila nyumba yenye wavulana watano ina Kathembo wake. Ukisimama sokoni ukaita jina hilo, watageuka watu kumi, na wa kumi na moja atatuma mtoto aulize anaitiwa nini. Wahab hakujua. Aliona ni jina la mtu, kama Wahab.

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka tisini na saba. Wahab alikwenda Kampala kutafuta vipuri, Hamidah akashika meza siku mbili. Katika siku hizo mbili walikuja watu wawili na saa mbovu, na wote wawili walipoulizwa jina walisema Kathembo. Hamidah akaandika tikiti mbili, akazikata nusu nusu kama alivyofundishwa, nusu kwa mwenyewe na nusu ikafungwa kwenye saa. Zote mbili zilisema kitu kimoja, jina, idadi ya saa na siku ya kuchukua: Kathembo, saa 1, Jumatatu. Moja ilikuwa saa ya plastiki, ya rangi ya samawati iliyopauka. Nyingine ilikuwa namba 37.

Wahab aliporudi aliifungua ile ya dhahabu, akaona mhimili wa gurudumu la ndani umevunjika. Akachora alama yake kwa ndani ya mfuniko kama wafanyavyo mafundi, herufi W, na mwezi na mwaka, akaagiza kipuri Nairobi. Hamidah alikuwa nyumbani na homa. Alasiri moja, funga imemkaba Wahab na jua limemlegeza, akaja mama aliyevaa vizuri, viatu vya ngozi, lori likimngoja na injini inanguruma. Alisema wanavuka kwenda Kongo siku ile ile, tikiti imepotea katika kukimbia, ametumwa saa ya mume wake, Kathembo.

"Ya dhahabu?" Wahab akamwuliza, akimtazama viatu.

Mama akasita kidogo, akasema ndiyo. Labda hakuwa ameiona saa ya mumewe kwa makini, labda aliogopa lori litaondoka, labda tamaa ilimpitia. Wahab akampa, akamwambia bado haijatengenezwa. Mama akaifunga kwenye pindo la leso na kukimbilia lori.

Jumatatu, akaja Danieri Kathembo. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, ametoka shambani Bugoye kwa miguu sehemu ya njia, gambuti zake, viatu virefu vya mpira, zimejaa udongo mpaka magotini. Aliweka tikiti yake mezani. Wahab akampa saa ya plastiki.

"Hii si yangu," Danieri alisema. "Yangu ni ya dhahabu."

Palikuwa na watu pale barazani. Eseza, fundi cherehani ambaye mashine yake inagusana na meza ya Wahab mpaka leo, alikuwa anapima suruali ya mteja. Kulikuwa na wauza viatu na vijana wa bodaboda. Na Wahab, ambaye tumbo lilikuwa tupu na kichwa kinamgonga, akamtazama yule mtu kutoka kofia hadi chini, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Mzee, na gambuti hizo, wewe una saa ya dhahabu?"

Watu wakacheka. Danieri aliziangalia gambuti zake, kama mtu aliyeambiwa kuna kitu kimezing'ang'ania. Hakupiga kelele, hakuita askari. Alichukua tikiti yake, akaikunja, akaitia mfukoni, akaiacha saa ya plastiki juu ya kioo na kwenda zake.

Jioni ile Hamidah alisimuliwa yote. Kisha akasema, "Baba Asmah, ile ya dhahabu ndiyo ya mtu wa gambuti. Niliipokea mimi mwenyewe, aliifunua kwenye kitambaa cheupe. Na mimi nimo katika kosa hili, nilipaswa kuandika zaidi." Wahab hakumlaumu. Angemlaumu vipi? Tikiti fupi ilikuwa ya mkewe, lakini mdomo ulikuwa wake.

Alikwenda Bugoye keshoye. Danieri hakutoka nje. Alikwenda tena mwezi uliofuata, akaambiwa mzee yuko shambani, na huku moshi wa kiko chake unaonekana dirishani. Hapo ndipo Wahab alipojiapia kwamba hatafunga meza wala kuhama mji mpaka namba 37 imerudi kwa mwenyewe. Ni kiapo alichokula akiwa na miaka thelathini na minane, na mtu wa miaka hiyo hudhani kila kitu kitachukua miezi.

Imechukua miaka ishirini na saba. Alieneza habari kwa madereva, wachuuzi na wabadilisha fedha wa mpakani: saa ya dhahabu yenye namba mgongoni, niletee. Wakamletea. Namba 4 ilitoka Butembo ndani ya mkate. Namba 19 aliileta mjane wa mhasibu, namba 33 padri mzee. Kila mara moyo ulimruka, kila mara aliigeuza saa na kukuta siyo yenyewe. Alizinunua hata hivyo, kwa sababu aliogopa kwamba akizikataa watu wataacha kumletea. Fedha ya mabati ikaenda, na fedha ya shamba la Rukoki ikaenda. Hamidah aliguna, akalalamika, mara mbili alifunga mizigo yake, lakini hakuwahi kumwambia aache.

Mwaka huu macho yakamwishia. Mtoto wa jicho, kulia na kushoto, kama maziwa yaliyomwagikia kioo. Sasa hubadilisha betri na mikanda tu, tena kwa kupapasa. Binti yao Asmah alimwandikisha mara tatu kwa daktari wa macho, mara tatu hakwenda. Alikuwa na hofu moja ambayo hakuisema kwa Asmah ila kwa Hamidah: yule daktari akiharibu, na saa ikapatikana kesho yake, nani ataitambua alama ya ndani? Alikuwa amechoka kuliko alivyowahi kuchoka. Kuamka kulimchosha, salamu zilimchosha, ile mizaha ya Mzee wa Namba ilimchosha mpaka kwenye mifupa. Alitaka jambo hili ling'olewe kama kucha mbovu, apumzike.

Basi Alhamisi moja simu ikalia. Alikuwa Kosmasi wa Bwera.

Kosmasi ni mnunuzi wa kahawa na kakao, mzaliwa wa ng'ambo, na yeye ndiye mkusanyaji hasa. Ana kabati la kioo lenye taa ndani, na saa zake zimelala juu ya vimto vidogo. Anaweza kukuambia zipi zimetengenezwa mia tu duniani na zipi hamsini. Kila siku ya soko huvaa nyingine. Wahab aliwahi kumtengenezea nyingi, na aliwahi kumwambia kwamba mbili kati ya zile za fahari zilitengenezwa kichochoroni na mtu asiyejua hata kuchonga. Kosmasi alicheka mpaka machozi, akaendelea kuzivaa. Miaka kumi na zaidi amekuwa akizitamani sita za Wahab, kwa sababu naye ana saba za zile arobaini.

"Muzee Wahab," alisema kwenye simu, "kuja. Iko hapa. Makumi tatu na saba."

Wahab alikaa na simu sikioni hata baada ya kukatwa. Hamidah aliyekuwa anachagua mchele akauliza ni nani. Alipoambiwa aliacha ungo, akaenda chumba cha nyuma, akarudi na chupa ya chai na kumpakatisha mumewe.

"Chukua zote," alisema. "Zitoke humu ndani."

Kesho yake, Ijumaa ya soko, alikuwa ghalani kwa Kosmasi kabla ya saa tano. Magunia yalikuwa yamepangwa mpaka darini na harufu ya kakao ilimpanda kichwani. Kosmasi akamkalisha, akaagiza soda, akaleta kitambaa na kukifunua.

"Ilitoka kwa mama moja wa Kasindi, kule Kongo," alisema. "Bwana yake alikufa mwaka ulipita. Kathembo naye. Mama anasema siku ile ya vita aliletea bwana saa hii, bwana akamupigia kelele: hii haiko saa yangu, umeiba saa ya mutu! Lakini walikuwa wanakimbia. Kisha wakaona haya kurudisha. Bwana hakuivaa hata siku moja. Hakuuza. Ilikaa tu mu sanduku."

Wahab alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Ilimjia kwamba kumbe walikuwa watatu waliolala vibaya miaka yote hiyo kwa saa moja, na huyo mmoja amekufa bila kuambiwa kwamba haikuwa dhambi yake peke yake. Alimhurumia mtu ambaye hata sura yake haijui.

"Naomba niifungue," akasema.

Namba ya mgongoni Kosmasi alimsomea, na ilikuwa 37 kweli. Lakini namba huchongwa na yeyote mwenye patasi, na Wahab alikwisha kuletewa 37 mbili za uongo. Aliufungua mfuniko kwa kisu chake, akasogea mlangoni kwenye jua, akaweka lenzi jichoni. Aliona ukungu. Akaigeuza huku na huku, akabadili jicho, bado ukungu. Kosmasi alitaka kumsaidia, naye akamkataza kwa kichwa. Mwishowe alichomoa sindano kwenye ukosi wa kanzu, akafumba macho yote mawili, akaipitisha ncha yake juu ya dhahabu, polepole, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye wayo wa mtoto. Sindano ikateleza, ikateleza, ikakwama. Akaifuata. Ikashuka, ikapanda, ikashuka, ikapanda. W. Na chini yake moja ya mwezi, kisha tisa, saba.

Alilia pale mlangoni mbele ya wapagazi. Hakujificha.

"Mimi nataka zako sita," Kosmasi alisema alipoona ametulia. Alikuwa amejiandaa kwa mabishano ya bei, ameweka kiti chake vizuri. "Sita kwa hii moja. Utasema ni nyingi, najua, tutasikizana..."

Wahab akafungua chupa ya chai, akaiinamisha juu ya meza. Zilitoka zote zikitembea, kwa sababu kabla ya kuondoka nyumbani alizitia ufunguo.

"Muzee, hutabishana?" Kosmasi aliuliza, kama aliyenyimwa chakula.

"Nimechoka, mwanangu. Zitie ufunguo kila Ijumaa."

Siku ile hakuishia Kasese. Alipitiliza hadi Bugoye, akafika kwa Danieri jua limeelemea magharibi. Danieri sasa anakaribia miaka themanini, lakini alikuwa amesimama, anageuza kahawa juu ya turubai kwa reki. Na alikuwa amevaa gambuti.

"Wasibire," Wahab alimsalimu kwa Kikonzo chake kidogo.

"Ni nani?"

"Wahab. Fundi saa wa Kasese."

Reki ikasimama. Wahab hakungoja kukaribishwa, maana alijua hatakaribishwa. Aliinama, akakifunua kitambaa juu ya mkono wake. Danieri aliitazama saa bila kuigusa.

"Ni yenyewe," alisema.

"Ikamate, Mzee. Na mimi naomba radhi. Maneno yale niliyokuambia..."

"Maneno yale uliniambia hapa?"

"Hapana."

"Wapi?"

"Dukani."

"Mi niliachaka saa kwa duka," Danieri alisema, na Kiswahili chake bado kilikuwa cha malori ya Beni. "Nilikuja kuchukua kwa duka, na miguu yangu, mchana. Sasa unaniletea huku nyuma ya nyumba, jioni, kama mutu alipata kitu ya kuiba? Hapana, fundi. Itatoka kwa duka. Watu bote wanaona."

Akaingia ndani. Wahab alibaki amesimama na kitambaa mkononi, akifikiri kwamba ameachwa tena kama zamani. Lakini Danieri alirudi na Biblia, akaifungua katikati na kutoa kipande cha karatasi ya njano. Kathembo, saa 1, Jumatatu.

"Inasema Jumatatu," alisema. "Nitakuja Jumatatu."

Zilikuwa siku mbili ndefu. Wahab hakula vizuri. Usiku wa Jumamosi alimwuliza Hamidah itakuwaje huyu mzee akifa kesho, na Hamidah akamjibu kwamba mzee anayegeuza kahawa jua kali hafi kesho, afadhali ajichunge yeye. Walikubaliana kwamba saa ikitoka, na wao watoke. Jumatatu jioni kibao kitateremshwa, meza itauzwa, na Wahab atalala mpaka achoke kulala. Hamidah alikwisha kumwambia fundi wa mabati aje aone paa.

Jumatatu Hamidah naye alikuja dukani, akaketi kwenye kigoda nyuma ya meza, kwa sababu yeye ndiye aliyeipokea saa ile. Saa nne Danieri akatokea upande wa paki. Alikuwa na shati la kanisani lililopigwa pasi, na chini gambuti, zenye udongo. Ana viatu, kila mtu wa Bugoye anajua ana viatu. Akaja mpaka mbele ya kioo, akaweka tikiti.

"Nimekuja kuchukua saa," alisema kwa sauti kubwa.

Mashine ya Eseza ikanyamaza.

Wahab akasimama. Alikuwa amepanga maneno mazuri, ya adabu, lakini yote yalimpotea. "Eseza," alisema, "siku ile ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Ulicheka."

"Nilicheka," Eseza alisema, akavua kipimio shingoni. "Mzee, unisamehe. Nilicheka kweli."

"Hii saa ni ya dhahabu," Wahab aliendelea, sasa akiwaambia wauza viatu, vijana wa pikipiki, mama aliyekuwa anapita na ndizi, watu ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa siku ile. "Ni ya mzee huyu. Ni yake tangu ilipotoka kwa Wazungu. Mimi nilimtazama miguu nikasema mtu wa gambuti hawezi kuwa na saa ya dhahabu. Nilimfanya mwongo mbele ya watu, na mwongo hakuwa yeye. Nimekosa. Nimekosa miaka ishirini na saba."

Hakuna aliyecheka. Mmoja wa vijana alizima pikipiki yake. Danieri aliwatazama wote, mmoja mmoja, bila haraka, kama mtu anayehakikisha magunia yamepakiwa sawa. Kisha akanyoosha mkono na kuichukua saa yake. Akaiweka sikioni.

"Haitembei," alisema.

"Haitembei, Mzee. Mhimili ulivunjika. Ndiyo maana uliileta."

"Nilipewa Jumatatu."

"Kipuri ninacho." Wahab alivuta droo, akatoa kibiriti, na ndani ya kibiriti karatasi, na ndani ya karatasi kijiti cha chuma chembamba kuliko unywele wa kope. "Kilifika kutoka Nairobi mwezi mmoja baadaye. Nimekitunza."

"Basi tia."

"Macho, Mzee. Sioni tena."

Danieri alimsogelea, akamtazama machoni kwa karibu, jicho hili na jicho lile, kama alivyokuwa akitazama taa za lori. Hamidah kwenye kigoda alishika ukingo wa meza, maana alijua linalokuja: kibao hakitateremshwa jioni ile. Mwenye saa akairudisha saa juu ya kioo.

"Nimeiacha," alisema. "Tengeneza macho. Kisha utengeneze saa."

Wahab alikaa chini. Uchovu ulimkalia mabegani wote kwa pamoja, wa leo na wa miaka yote, na ndani ya uchovu ule kulikuwa na kitu alichokuwa amekisahau kabisa, kwamba mtu amemwachia mali yake na kuondoa mkono. Akamtazama Hamidah. Hamidah alitikisa kichwa, akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akasema, "Nitamwambia Asmah apange siku ya daktari. Safari hii utakwenda, na mimi nitakushika mkono." Kisha akatoa kitabu cha tikiti kwenye droo, akampa kalamu.

"Jina?" Wahab aliuliza.

Danieri alikunja uso. "Wewe hunijui?"

"Nilikosea kwa kudhani najua. Sema lote."

"Kathembo."

Kalamu haikusogea. Eseza alicheka kidogo, na safari hii Danieri mwenyewe alicheka, meno machache, tumbo likitikisika ndani ya shati la kanisani.

"Danieri Kathembo," alisema. "Mwana wa Kezironi. Bugoye, juu ya mto, nyumba yenye turubai ya kahawa."

Wahab aliandika yote, uso umekaribia karatasi, kwa herufi kubwa. Akaandika: saa 1, dhahabu, namba 37, mhimili. Karatasi ikamwishia, akageuza upande wa pili.

"Siku ya kuchukua?" akauliza.

"Andika Jumatatu," Danieri alisema.

Wahab akaandika Jumatatu, akakata tikiti nusu, akampa nusu yake.